Shati la Jumapili

Jumamosi usiku, Muyeye, umeme umekatika tena,
natia makaa kwenye pasi ya marehemu mama,
nanyoosha shati la Mwambire.
Sidi wa nyumba ya pili achungulia dirishani:
"Wampigia pasi nani, Dama,
na mwenyewe yuko wodini tangu Kwaresima,
nyayo zake zimeshasahau sakafu?"

Sikumjibu. Sina jibu la kumshinda.
Padri alisema tumaini ni nanga;
nanga mimi sijawahi kuishika.
Nashika mpini huu wa moto
namwambia Mungu maneno yasiyosemeka kanisani,
kisha nanyunyiza maji, nairudia kola.

Maana Yule aliyefufuka
hakuyaficha matundu ya misumari.
Aliwaonyesha.
Halafu akaomba chakula,
akapewa samaki, akala mbele yao.

Kesho nitalikunja ndani ya leso,
nipite soko la zamani hadi hospitali,
nilitundike kwenye chuma cha dripu
alione akifumbua macho.

Kifungo cha pili kilikuwa kimelegea.
Nimekikaza kwa uzi mweusi,
mweupe umeniishia.