Chakula cha Farasi

Saa kumi na moja na nusu, Kawangware ingali gizani,
nabandika sufuria:
kikombe kimoja cha oti, viwili vya maji,
chumvi ya kushika kwa vidole viwili.
Sukari nimeiweka juu ya kabati,
nisikofika bila stuli.

Nakoroga polepole. Uji unapumua, pwa, pwa,
kama mtu aliyelala chali.

"Mama, hicho ni chakula cha farasi,"
anasema Mwende, mkono mmoja ndani ya sare.
Hajui alichosema.

Babu yake, Muthiani, alikuwa saisi
kwenye uwanja wa mbio, Ngong Road.
Miaka kumi na tisa aliwaamkia farasi
kabla ya kumwamkia mkewe.
Debe la oti kwa Almasi, debe kwa Jemadari;
akipuliza makapi kiganjani,
akinusa, akionja punje moja, akitema.
Nilipokuwa na miaka saba nilitia konzi mfukoni.
Alinizaba kofi ambalo sikio langu linalikumbuka:
"Ya wenyewe hiyo! Kila punje imehesabiwa!"
Kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa
akanywa chai ya rangi, sukari vijiko vinne,
na nusu mkate mweupe uliopakwa kimbo.

Farasi waling'aa.
Baba alianguka akiwa na hamsini na mbili,
hatamu mkononi.

Mwezi wa tatu, pale Mbagathi, Sista Jerono
alisoma karatasi yangu ya maabara, akaguna.
"Damu ina mafuta. Asubuhi unakula nini?"
Nikasema mandazi mawili.
Akanitazama.
Nikasema manne.
Akaandika dawa, na chini ya dawa,
kwa wino ule ule: *oti*.
Eti ule ute unaong'ang'ania mwiko
ndio unaonasa mafuta tumboni na kuyasindikiza nje,
ndio unaoishika sukari mkono
isiingie damuni mbio mbio.
Si muujiza, akasema. Ni kila siku.

Sikuelewa yote. Ila naelewa hili:
zamani, saa nne, cherehani ilipoanza kunguruma
tumbo nalo liliitikia,
nami nikamwita kijana wa mandazi.
Sasa cherehani inanguruma peke yake.

Naepua. Nakata ndizi juu.
Mwende amevuta kiti, anajifanya anatafuta soksi.
Nampa kijiko; hapa hakuna anayehesabu.

Mvuke unanijia usoni
na harufu ya zizi, ya koti la baba.
Naonja punje moja.
Sitemi.