Mizani ya Kangulumira

Ninapima. Hiyo ndiyo kazi yangu.
Tangu saa kumi na moja, magunia hayajakauka umande,
mananasi yanapanda mezani kwangu moja moja
kama wagonjwa wa zahanati,
nami nasoma namba nyekundu, natamka:
linakwenda. Linabaki. Linakwenda.

Mwalimu Odongo, aliyetujia kutoka Tororo na kamusi moja,
alitufundisha mizani: nane kwa nane,
silabi ikizidi, shairi linachechemea.
Hii ya hapa inakula betri.
Haijali vina. Inataka kilo moja na robo,
ikizidi sana, moja na nusu,
na kishungi kisichopita kiganja changu.

Juzi Nnalongo Kasalina alileta arobaini na mawili
kwenye baiskeli ya mwanawe.
Lile la juu lilifungwa kwa kanga, peke yake.
Harufu yake iliingia mlangoni kabla ya baiskeli.
Kilo tatu na gramu mia.
Linabaki, nikasema.
Akauliza: kosa lake?
Ukubwa, Nnalongo. Na limeshaanza njano,
litafika kule limekwisha kuwa tamu.
Akacheka, akidhani natania.
Kisha akanitazama vizuri.
Akalitoa mezani kwa mikono miwili,
kama mama anavyomtoa kanisani
mtoto aliyeanza kulia.

Sisi misimu yetu inatoka mawinguni.
Ya kwao, anasema Kalibbala wa ofisini,
imechapwa kwenye kalenda yenye picha ya theluji:
Krismasi, Pasaka, basi.
Novemba, miti yao ikivuliwa nguo, simu inalia:
tani tatu! tani tano! ndege ya Alhamisi!
Hapo hata wenye vidonda vya mikono tunaitwa.
Ndiyo maana mwezi wa tano tunalidanganya nanasi,
tunalimiminia dawa moyoni
lichanue kwa tarehe ya watu
ambao halitawaona wakisali.

Lakini Juni!
Juni mashamba yanajaa bila kudanganywa na mtu,
mananasi yanaangukiana,
nyuki wanalewa, watoto wana vidonda vya ulimi,
na simu ya Kalibbala imekaa mezani
kama kuku anayeatamia.
Kumbe Juni na wao wana ya kwao,
madogo, mekundu, ya kuchumwa nyuma ya nyumba.
Amenionyesha picha.
Siwalaumu. Nani atatuma mtoto hotelini
na chungu kinachemka jikoni?
Ila ningependa mtu alieleze nanasi,
mimi nimeshindwa.

Jioni ile Fuso lilipoondoka kuelekea Entebbe,
limebeba maboksi yenye jina la nchi yetu
kwa herufi kubwa kuliko matunda yenyewe,
nilimkuta Nnalongo kando ya barabara
na yaliyobaki, ameyapanga chungu chungu,
matano matano kwa elfu tatu.
Lile kubwa hakulipanga. Alikuwa amelikalisha pembeni
juu ya kanga yake.
Bei gani?
Akasema, wewe ndiye mwenye namba.
Nikatoa elfu tano. Akarudisha elfu mbili,
akasisitiza, akazikunja mwenyewe kwenye kiganja changu.
Hatukusema zaidi.

Nilikula nimesimama uani, kwa panga la kukatia majani,
bila sahani, bila chumvi,
maji yakishuka hadi kiwiko na kuingia kwenye kwapa.
Macho yake sikuyatoa yote.
Saa hizo mengine yalikuwa baridini,
kijani, sawasawa, yamelala bega kwa bega,
yakisubiri kuwa kitu katika mji nisioujua jina.
Sikuona wivu. Mdomo ulikuwa unawasha.

Alfajiri nikarudi mezani.
Nilinawa, naapa, kwa sabuni na jivu.
Nikabonyeza kitufe. Kidole kikanata.
Sahani tupu, hakuna kitu juu yake,
na namba nyekundu zikakataa
kurudi sifuri.