Sikuona Mtu

Mimi hukaa tunduni, chini ya ukingo wa jukwaa,
na taa ndogo, miwani, na tamthilia magotini.
Miaka ishirini na sita, hapa Kutaisi,
nimewajua waigizaji kuanzia viatu kwenda juu.

Nugzar hujifunza kwa miguu.
Alfajiri huvuka daraja la Rioni, huenda na kurudi,
sentensi moja kwa kila nguzo ya taa;
akikosea huanza upya nguzo ya kwanza,
hata mvua inyeshe, hata muuza mikate amcheke.
Eteri huandika herufi za mwanzo tu
kiganjani, kama deni la dukani.
Kijana Lasha hujirekodi kwenye simu, halafu hulala.
(Yeye ndiye mteja wangu mkubwa.)

Safari hii Nugzar kapewa mpima makaa wa stesheni,
mtu aliyemuuza ndugu yake kwa wale wanaobisha hodi usiku.
Mistari mia nne na kumi na miwili.
Yote ikaingia, ila mmoja,
ule mfupi, ambao hata mtoto angeushika:
"Sikuona mtu."

Aliupigia kelele. Aliulilia.
Aliusema ameupa ukumbi mgongo.
Mwongozaji akauma kalamu: "Bado."
Akaenda stesheni kweli, akabeba magunia siku mbili,
akarudi na kucha nyeusi na kikohozi,
anajua sasa mpima makaa hufutia wapi mikono
(nyuma ya mapaja, kamwe si mbele),
anajua mizani husomwa kwa jicho moja.
Mstari ukabaki debe tupu: unavuma.

Jumapili alipanda basi la Zestaponi
kwa kaka yake. Hawakusemezana miaka tisa,
sababu ni nyumba ya marehemu mama.
Alirudi na mfuko wa makomamanga,
akaniwekea mawili tunduni.
"Tsiala," akasema, "nilimkuta anamenya viazi.
Nikamuuliza kama aliipata barua yangu.
'Barua gani?' akasema,
na kisu hakikusimama."

Usiku wa kwanza, afisa akauliza swali lake.
Nugzar kimya.
Moja. Mbili.
Nikauweka mstari ulimini, nikavuta pumzi,
ndipo nikaona kiatu chake cha kushoto
kikigusa ubao mara moja, taratibu: ngoja.
Akamimina makaa. Akafumba jicho, akasoma uzito.
Akafuta mikono nyuma ya mapaja.
Halafu, akiiambia mizani, si afisa,
"Sikuona mtu."

Ukumbini kuna aliyeanza kukohoa, akaacha katikati.
Nami tunduni, mstari ule ule mdomoni,
sikujua pa kuutema.
Nikasahau hata kufungua ukurasa.
Maskini Lasha, zamu yake ilipofika,
alinitupia jicho, akanitupia tena,
mwisho akajibunia maneno yake mwenyewe,
na hayakuwa mabaya.