Lozi Nusu Kilo

Lozi zimeshuka na treni ya alfajiri,
nusu kilo, ndani ya soksi ya Sitta.
Bei yake sitaitaja mbele ya jirani.

Nyamizi anakuja Krismasi na tumbo lake
lisilopatana na ngano,
na kiapo chake kipya:
hali cha kiumbe mwenye mama.
Si yai, si siagi.
Hata asali hali.

Asali! Hapa Tabora!
Baba yake, mrina wa misitu ya Sikonge,
aliposikia alinyamaza, kisha akacheka,
kisha akaenda kulifunika dumu lake
kama anayemvuta mtoto shuka.

Sista Pierina, jikoni misheni, alinifundisha
biskuti za kwao Italia: lozi, sukari, ute wa yai.
Ute nimeuacha.
Nimechemsha dengu, maji yake nikayapiga kwa uma
hadi mkono ukafa ganzi
na povu likasimama, jeupe,
kama la kinyozi wa stesheni.

Nikazimenya lozi, nikatwanga.
Kinu kilichozoea kisamvu
kikatoa harufu kisiyoijua.
Sufuria, mchanga, makaa juu na chini,
mvua ya Desemba ikigonga bati.
Za kwanza ziliungua.
Za pili zilipasuka nyuso zote;
Sista angesema ndivyo zitakiwavyo.

Usiku nimemkuta mzee jikoni,
shavu limejaa,
sukari ya unga kwenye masharubu.
Akameza.
"Utamu huu," akauliza, "ni wa nyuki gani?"