Ya Kushoto Hufunguka Kinyume

Nimeipindua juu ya gunia la mbolea,
magurudumu hewani, kiti mchangani,
kama mbuzi asiyejua ni nani mwenye kisu.
Mwenye kisu ni mimi. Kisu chenyewe ni spana
namba kumi na tano. Nati ni kumi na nne,
na hiyo moja iliyozidi
imekula pembe zote sita.

Nati iliyoliwa pembe haishikiki.
Ni kama kumuuliza mtoto nani kamaliza sukari:
spana inazunguka, inateleza, inazunguka,
nati imetulia pale, mviringo, haijui kitu.

Nikaleta koleo. Koleo likaacha alama za meno, basi.
Nikaleta tindo na nyundo,
nikaipiga ubavuni, ti, ti, ti,
mpaka Mama Eshiwani akauliza ng'ambo ya ua
kama kuna jeneza tunachonga usiku huu.
"Ni baiskeli," nikasema.
"Ya nani hiyo, ikuletee vita namna hii?"

Yangu. Tangu enzi ilipokuwa na kengele.
Imebeba kreti za soda kutoka Luanda,
imembeba Nereah na mimba ya miezi minane
tukishuka kwa miguu kila penye jiwe,
na penye jiwe, Bunyore, ni kila mahali.
Na mvua ya huku, mvua yenye wenyewe,
imeingia kwenye kila hesi ikapanga.
Kutu ni mjenzi. Hana saruji, hana kibarua;
hulala ndani ya chuma, akiamka ni ukuta.

Kotapini nayo niliigonga kichwa
mpaka ikafura kama uyoga, na tundu likawa dogo kwake.

Ndipo Nereah akatoka na chupa ya mafuta taa,
akadondosha kidogo, kidogo,
vile hutia chumvi mbogani.
"Iache inywe," akasema.
"Hujawahi kufungua mdomo wa mtu kwa kuupiga."
Sikumjibu. Nilikuwa nanyonya kidole kilichochunika.

Alfajiri kotapini ikatoka kwa pigo moja la kipande cha kuni,
upesi hivyo, karibu iniaibishe.
Ile nati haikunywa chochote. Niliikata kwa msumeno,
punje kwa punje za unga mwekundu,
nikaiweka kwenye kopo pamoja na wenzake
ambao siwezi kuwatumia wala kuwatupa.

Lakini pedeli ya kushoto!
Jumapili nilining'inia juu ya spana.
Jumatatu nikatia bomba refu kwenye mpini wake.
Jumanne nikamwita kijana wa Mama Eshiwani, Otiende,
tukasimama wawili juu ya bomba moja
kama kuku kwenye kamba, tukaanguka.

Jumatano nikaisukuma kwa mkono hadi Luanda, kwa Andayi,
anayetengenezea chini ya turubai karibu na wauza mitumba.
Hakuuliza. Alitia spana,
akasukuma upande ambao mimi sikuwahi kuufikiria,
akaguna mara mbili, ikalia kama mlango wa ghala,
ikaja.
"Ya kushoto hufunguka kinyume, mzee.
Umekuwa ukiikaza."

Nimekuwa nikiikaza.
Siku tatu, kwa uzito wangu wote na wa Otiende,
kwa matusi ya lugha mbili, nikiikaza.
Akanitoza hamsini. Ishirini ya pedeli, alisema,
thelathini ya kuzuia kicheko.

Sasa inatembea. Gololi mpya, grisi mpya, hailii.
Kiti tu ndicho kilichonisumbua mwishoni,
bolti yake ilikatikia ndani, duka halina ya urefu ule,
nami nikakumbuka mahali nilipoiona inayolingana nayo kabisa:
mguuni pa kitanda chetu, upande wa ukutani.

Tangu siku hiyo kitanda kinalia.
Nereah akigeuka, kinalia. Nikigeuka, kinalia.
Hajasema neno.
Jana nilimkuta ameiegemea baiskeli uani,
amekishika kiti, anakipapasa chini kwa kidole,
polepole, akihesabu hesi.