Nati ya Uzi

Miaka sita nimeshona nimesimama.
Cherehani ya miguu haitaki hivyo, najua,
lakini nilijifunza: mguu mmoja sakafuni, mmoja kwenye pedeli,
na wateja wa Majengo wakasema fundi Nyemo ana haraka.
Sikuwa na haraka. Nilikuwa na moto
pale mishono minne ya suruali inapokutana.

Zahanati ya kwanza: fangasi. Vidonge.
Ya pili: mkojo mchafu. Sindano tano.
Ya tatu hawakunitazama. Walimtazama mume wangu,
wakamuuliza yeye kama nampenda.
Mama mkwe akachemsha mizizi iliyotoka Bahi,
nikachuchumaa juu ya mvuke,
moto juu ya moto,
nikasema, ahsante, mama.

Sechelela ana chumba nyuma ya wodi,
pazia la kijani, feni inayogonga.
Hakuniuliza nina nini. Aliniuliza naketije.
Akashika kijiti chenye pamba nchani:
"Fikiria uso wa saa. Nikigusa, taja maumivu, sifuri mpaka kumi.
Ukisema basi, ni basi."
Kwenye mbili: moja.
Kwenye tano: nane.
Kwenye saba sikutaja namba, nilishika pazia.
Akaandika.
Katika wote, ni yeye wa kwanza kuandika.

"Misuli ya chini imekaza," akasema,
"kama mlinzi aliyesahau kuambiwa mwizi ameshaondoka."
Mimi niliona nati ya uzi:
ukiikaza mno kitambaa hukunjamana, uzi hukatika,
na fundi mwanagenzi hubadilisha sindano,
na kubadilisha, na kubadilisha.

Sabuni ya unga niache. Maji tu.
Nilale chali, nivute pumzi mpaka tumboni,
na kule chini paachie
kama kiganja kinavyoachia uwele juu ya ungo.
Siku tatu sikujua kuachia ni kufanya nini.
Ya nne nikajua, nikalia, chapati ikaungua.

Wiki ya sita alimwita Chilongani.
Akakaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini.
Akaambiwa: kwa sasa mlango ni wake,
asipoufungua usibishe.
Akauliza jambo moja tu:
"Kwa hiyo hakunikataa mimi?"
Tukarudi Chadulu kwa miguu, kimya.
Njiani akanunua zabibu za mwisho wa msimu,
chachu kweli. Tukazimaliza.

Kipo kidude cha kwanza, unene wa kidole cha mwisho.
Dakika kumi nacho, mafuta, macho darini:
misumari ya bati ni thelathini na mmoja.
Cha pili bado kimelala ndani ya soksi, kwenye droo.
Sina ugomvi nacho.

Sijapona. Kuna siku upepo wa Septemba
unaingiza vumbi hadi kwenye bobini,
na mwili nao unarudi saba, unarudi nane.

Lakini Jumanne, sare za shule kumi na mbili,
nane nilizishona nimeketi.
Mama Mbogoni akachungulia dirishani,
"Leo umeketi, fundi?"
"Kidogo," nikamwambia.
"Nimeketi kidogo."