Safu ya Matumizi

Duka limefungwa. Langoni kimya, ila punda wa jirani.
Nimefungua daftari la marehemu mama:
sukari, samli, iliki, kuni,
deni la harusi ya kina Bunu, tangu Mfungo Sita.

Ramadhani tunauza kama tunagawa.
Ikipita, sufuria la shaba hulala kifudifudi miezi minne.
Akiba imeliwa; kaka huonja ratili nzima.
Haya nimeyaandika. Wino hauoni haya.

Kisha nikajiuliza: nguvu yetu ni ipi?
Si jina ukutani, rangi imebanduka.
Si bei; Mkomani yuko auzaye rahisi zaidi.

Ni Famau, asiyesikia tangu utotoni,
ajuaye halua imeiva
kwa uzito wa mwiko unaopanda hadi kiwikoni.
Wiki aliyougua tulimwaga masufuria mawili,
na wateja wakaulizana kulikoni.

Jina lake liko safu ya matumizi,
kati ya kuni na karatasi za kufungia.
Nikalikata. Nikalihamishia safu ya mali.
Jumla zikakataa kulingana.

Nimezima taa, nikaziacha vivyo hivyo.
Kesho mshahara wake unapanda,
na kaka atalipia anachoonja.